Mtoto Hashushwi Penye Mlango Mtupu

Siku ya kwanza kazini nilipewa kizibao cha kung'aa, kibao cha mkononi cha kusimamishia magari, na onyo. Msimamizi wetu, Bi Zuhura, alikuwa mama wa Kizanzibari ambaye ukoo wake ulihamia Dubai kabla hajazaliwa. Alitupanga kando ya basi la shule, jua likitupiga utosini, akasema, "Nyie wanangu, mzigo huachwa mlangoni. Mtoto haachwi. Hutoka mkononi mwako akaingia mkononi mwa mtu unayemjua. Mkono huo usipokuwapo hashuki, hata baba yake awe mfalme."

Hiyo ndiyo kazi ya mhudumu wa basi la shule. Dereva hushika usukani, wewe unashika watoto. Unawapandisha, unawafunga mikanda, wadogo unawaketisha mbele unapowaona. Mwisho wa safari dereva akizima injini, kengele hulia, na haikomi mpaka mtu atembee hadi kiti cha nyuma kabisa abonyeze kitufe. Imewekwa hivyo makusudi, ili upite kila kiti utazame kama kuna aliyelala. Kwa joto la kule, mtoto aliyesahaulika ndani ya basi lililofungwa hakawii kufa.

Kulea kwenyewe sikufundishwa na Bi Zuhura. Wazazi wetu walipofariki, kule Machakos, nilikuwa darasa la sita na nina wadogo watatu nyuma yangu. Niliacha shule nikawalea. Wa mwisho alipojitegemea ndipo nami nilipovuka kwenda kutafuta changu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nikiwa mtu mzima tayari.

Nilianzia njia ya Al Mankhool, ambako mayaya walisubiri chini ya majengo kabla hatujafika. Kisha nikapelekwa Rashidiya, chini ya msimamizi msaidizi ambaye kila sentensi yake ilianza na yalla, yaani haya twende, na kuishia na khalas, yaani basi imekwisha. Bi Zuhura alipostaafu tuliletewa meneja wa usafiri, kijana mpole wa sauti, aliyependa kuwaita wazazi "wateja wetu". Ndiye aliyenihamishia Al Muraqqabat.

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye njia hiyo alipanda msichana wa miaka sita, Makena. Alikuwa peke yake barabarani. Nilipomfunga mkanda aliuficha mkono wake wa kulia, mkono wa sweta umevutwa mpaka kwenye vidole. Sweta, Dubai! Nikamwomba nione. Kiganja na vidole vilikuwa vimebabuka, na juu yake pamepakwa kitu cheupe kilichokauka.

"Hii ni nini, mama?"

"Dawa ya meno."

"Nani alikupaka?"

"Mimi. Cucu alisema ukiungua unapaka." Kwao cucu ni bibi.

"Ulikuwa unapika nini?"

"Yai."

"Na baba?"

"Baba huja nikishalala."

Mama yake alikuwa ameaga dunia, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Tulipofika shuleni nilimpeleka mwenyewe kwa nesi, aliyemfunga bandeji na kumpigia baba simu. Baba akajibu kwamba mtoto ni mtundu na hilo ni jambo dogo.

Dereva wangu alikuwa Bwana Mhina wa Tanga, mtu wa mzaha mwingi. Siku hiyo hakufanya mzaha. "Dada Roda," aliniambia, "mwenzako aliyekutangulia alikuwa akimwachia apande lifti peke yake. Yule baba ni Mkenya mwenzenu. Ugenini mtu humsitiri mwenzake."

"Namsitiri nani, Mhina? Baba au mtoto?"

"Mimi nakwambia wasemavyo watu."

Ni kweli ndivyo tulivyoishi. Mwenzetu akilewa, tulimficha. Akifukuzwa kazi, tulimlaza sakafuni kwetu na hatukumtangaza. Desturi hiyo iliwaokoa wengi, nami pia imewahi kunifaa. Lakini haikutungwa ili mtoto wa miaka sita akaange mayai peke yake.

Jioni hiyo mlangoni hapakuwa na mtu. Nilimpigia baba. "Mwachie tu apande, anajua lifti," akasema, akakata. Makena alikuwa ameshasimama, begi mgongoni. Nikamketisha tena. Tuliwashusha wengine wote, kisha tukarudi naye shuleni, kama kanuni ilivyotaka.

Meneja alitusubiri getini. "Sister, mteja ametoa ruhusa. Kwa nini unanitafutia matatizo?"

"Sir, ruhusa haina mikono ya kumpokea."

"Ukirudia, nitakurudisha kwenu."

Kesho yake nikarudia. Nilijua anaweza, visa yangu ilikuwa ya kampuni. Nilikaa na Makena kwenye benchi la mapokezi mpaka baba yake akaingia, tai imelegea, uso umewiva kwa hasira. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akasimama kusikiliza.

"Mama, wewe ni mtu wa basi. Shughulika na basi!"

"Ndilo ninaloshughulikia, baba."

"Umesoma mpaka wapi wewe, unifundishe kulea?"

"Darasa la sita. Niliachia hapo kwa sababu ya watoto wa kulea."

"Basi rudi ukawalee!"

"Wameshakua. Huyu bado."

Mwalimu mkuu akamwomba baba aingie ofisini, mlango ukafungwa. Yaliyosemwa ndani siyajui. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo Makena alibaki shuleni na walimu kila jioni mpaka achukuliwe, na baada ya majuma kadhaa shangazi yake aliwasili kutoka Meru. Vidole viwili vya Makena havikunyooka tena vizuri.

Siku ya kwanza ya shangazi tulimkuta chini ya jengo, leso kiunoni, amesimama juani kana kwamba kivuli hakimhusu. Nilimshika Makena mkono ule mzima nikamkabidhi. Hakuuachia wangu.

"Na kesho atakuwepo?"

"Asipokuwepo, hutashuka."

Kumbe jibu hilo halikuwa langu kulitoa. Mwezi haukuisha kabla meneja hajaniondoa kwenye njia, akanipeleka kuosha mabasi, na huko nilibaki mpaka nilipostaafu. Watu wa kwetu kadhaa waliacha kunisalimu kanisani. Sasa nipo Machakos, na mabinti wanaokwenda ng'ambo huja kuniuliza kazi za kule zikoje. Nawaambia watii wakubwa wao, waweke akiba, wapige simu nyumbani. Nawaambia pia kwamba kazi ya watoto itawadai siku moja wachague nani akasirike, na asiwe mtoto anayelipia.

Aliyechukua nafasi yangu alikuwa Harriet, binti wa Kiganda. Tulilala chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Kisa cha Makena na shangazi yake alikijua, ila sikumwagiza kitu. Lakini kila jioni, muhula ule wote, alivua viatu, akaning'iniza kizibao chake, na kabla hajanisalimu aliniambia neno moja.

"Yupo."