Vitumbua Si Wali

Kwetu Kibiti mtu anaweza kushinda na mihogo, viazi vitamu na nusu sinia ya mkate wa kumimina, ukimwuliza kama amekula akakujibu bado. Chakula ni wali. Hivyo vingine ni vya kupozea njaa.

Kwa hiyo nesi wa zahanati, binti wa bara mwenye upole mwingi, aliponiambia sukari yangu iko juu na niache wali, nilijiona nimehukumiwa. Akaongeza kwamba nipunguze na mafuta, na kwamba sukari isiposhuka kabla ya Ramadhani nisithubutu kufunga. Hilo ndilo lililoniuma. Nimefunga tangu utotoni. Sikutaka kuwa yule mzee anayekula mchana kwa kujificha, majirani wakijifanya hawasikii kijiko chake.

Nikaacha wali. Niliuacha kwa kishindo, nikawatangazia watu wote barazani, hata ambao hawakuuliza. Kwenye shughuli nililitazama sinia la pilau likipita, nikajionea fahari. Asubuhi nilikunywa chai isiyo na sukari, kwa vitumbua. Vilikuwa vingi kidogo, lakini mtu aliyeacha wali ana haki ya kuliwazwa. Mchana ilikuwa mihogo ya nazi, tena kwa tui zito, maana chupa ya mafuta nilikuwa nimeifungia kabatini mimi mwenyewe.

Na kabla sijastaafu nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Ni mimi niliyewafundisha watoto wa hapa kudondosha iodini kwenye kipande cha muhogo, kikageuka cheusi, wakaandika: wanga upo. Ni mimi niliyechora ubaoni wanga ukigeuka sukari, na sukari iliyozidi ikigeuka mafuta na kulala tumboni. Nilichora vizuri sana. Sema lile tumbo la ubaoni sikulidhania kuwa langu.

Wiki ya mwisho kabla ya mfungo nilirudi zahanati na mke wangu. Nesi akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Mwalimu, wali umeacha kweli?"

"Sijautia mdomoni, mwanangu."

"Chai unakunywa na nini?"

"Na vitumbua."

"Vya unga gani?"

Hapo ndipo niliposikia, kwa mara ya kwanza, jibu langu mwenyewe likinitoka: "Wa mchele."

"Na mihogo ya nazi umwambie," mke wangu akadakia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Tui si mafuta," nikajitetea. "Mafuta yako kabatini."

Nesi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akasema mwaka huu sifungi. Nilitamani aendelee kunicheka.

Siku ya kwanza ya mfungo, saa saba mchana, mke wangu alirudishia mlango, akanitengea samaki wa kuchemsha na mchicha, bila nazi. Midomo yake ilikuwa imemkauka. Akakaa nami mkekani nisile peke yangu. Nilitia tonge la kwanza la samaki mdomoni: hapakuwa na chumvi hata chembe. Mpishi alikuwa amefunga, hakuonja.

"Kimekolea?" akaniuliza.

Nikamwambia kimekolea, nikakila chote.