Chuma Kilichovaa Akala

Nakumbuka, mwanangu, jinsi mchanga wa Lodwar ulivyokuwa ukimeza miguu ya chuma cha nyanya yangu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nyanya alikuwa ameanguka akaumia nyonga, na hospitali ikampa chuma cha kutembelea, chenye miguu minne. Kwenye saruji ya wodi alitembea nacho vizuri. Nyumbani kilizama, naye akabaki amesimama palepale kama mbuzi aliyefungwa.

Kisha dada yangu akajifungua mtoto huko Kakuma. Kwa desturi yetu, nyanya humwendea kitukuu kwa miguu yake, akasimama mlangoni na kumtemea mate ya baraka. Nyanya aliapa hatakosa.

Lori lilitushusha barabarani. Kutoka pale hadi kwa dada ni mchanga mtupu. Nikakimbia kuazima mkokoteni kwa Msomali mmoja mwenye duka.

"Panda, Nyanya. Tutafika sasa hivi."

"Kwani mimi ni gunia la unga?" akaniuliza. "Mtoto anione mara ya kwanza nikishushwa kama mzigo wa duka?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitazama chini. Nyanya naye alitazama chini, ila yeye aliona kitu.

"Wewe umevaa akala," akasema. "Mbona hiki chuma kiko miguu mitupu?"

Ng'ambo ya barabara, mkimbizi mmoja wa Sudan alikuwa akikata tairi kuukuu na kushona akala. Tukamweleza shida yetu.

"Ejok, mama," akamsalimu, akikigeuzageuza chuma. "Sijapata mteja wa miguu minne."

"Na huyu hatalalamika viatu vikimbana," nyanya akamjibu.

Fundi akakata vipande vipana kama viganja, akavikaza chini ya miguu ya chuma kwa kamba za mpira. Tukaondoka taratibu, chuma hakizami tena, jua likituchoma utosi. Kila nilipomnyooshea mkono, aliupiga kofi. Lakini alifika. Alisimama mlangoni, akipumua kwa shida, na mate yake yakatua kwenye paji la uso wa mtoto. Dada alilia. Hata leo, nikisikia harufu ya tairi lililokatwa, naisikia pumzi ile.

Mwanangu, mzee akishindwa kutembea, usikimbilie kumbeba. Muulize anataka kwenda wapi, kisha uinamie njia yake utazame kinachomzuia.

Mungu akupe safari ndefu. Na siku mchanga utakapoishika miguu yako, akupe mtu wa kukukatia tairi, mwenye subira ya kutembea kwa mwendo wako.