Swichi Ambayo Haikuwemo Kitabuni

Mshale wa joto ulianza kupanda mara tu walipoiacha barabara kuu pale Makutano, na zilipotokea nyumba za kwanza za Butiama ulikuwa umeshagusa alama nyekundu. Penina Magesa alizima redio, kana kwamba ukimya ungeipoza injini. Kando yake alikaa mgeni aliyeomba lifti kutoka Musoma, mtu wa safari nyingi ambaye hakuwahi kufika huku na aliyekuwa akiuliza jina la kila kilima.

"Tunasimama," Penina alisema, akaliacha gari liteleze lenyewe hadi mbele ya duka la mbolea.

Kiti cha nyuma kilibeba sanduku la barafu, na ndani yake chanjo ya mapele ngozi, dozi mia mbili. Vijiji viwili mbele, Mzee Ryoba na majirani zake walikuwa wamewafungia ng'ombe zizini tangu alfajiri, na Yusto, daktari wa mifugo, alikuwa ameshafika na sindano zake. Ng'ambo ya mto ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Saa sita wangewafungulia wanyama, maana ng'ombe mwenye kiu hazuiliki, na chanjo iliyopata joto haifai hata kumwagia maua. Saa ya Penina ilionyesha saa nne na dakika arobaini.

Alifungua boneti, akarudi nyuma kuukwepa mvuke, kisha akatoa chini ya kiti faili la plastiki lenye karatasi.

Karatasi hizo ndizo zilizokuwa gereji yake. Gari lilikuja na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna mtu mtaani kwake Nyakato aliyeweza kukisoma. Kwenye makundi ya simu, kila alipouliza, wanaume walimjibu, "Mama, peleka kwa fundi." Video zilimaliza bando kabla hazijafika kwenye jambo lenyewe. Ndipo akampata Gloria, mwenye duka la kuchapisha kule Bunda, aliyekuwa na kitabu kizima cha Kiingereza kwenye kompyuta. Kukichapa chote kungemgharimu Penina stoo nzima ya dawa za minyoo kwenye duka lake la dawa za mifugo, kwa hiyo alinunua kurasa kama watu wanavyonunua nyanya, fungu kwa fungu: leo breki, mwezi ujao oili. Gloria alimsomea, naye akaandika maelezo pembeni, Kiswahili kikimshinda akaweka Kijita cha kwao.

Ukurasa wa feni aliujua karibu kwa moyo. Injini ikipata moto, feni huwaka yenyewe. Isipowaka, kagua fyuzi, halafu sensa, kile kifaa kinachohisi joto.

Fyuzi ilikuwa nzima. Feni ilikaa kimya.

"Dada, unalitengeneza au unaliombea?" aliuliza Silasi, mwenye duka la mbolea, akiwa ameegemea mlango wake. Watu wawili waliosimama naye wakacheka.

"Naliombea wewe upate wateja," Penina alijibu bila kuinua kichwa.

Alifuata mchoro kwa kidole hadi ilipotakiwa kuwa sensa ya feni. Sensa ilikuwepo. Lakini waya wake ulikuwa umekatwa, na ncha yake imefungwa tepu iliyokauka na kuwa ngumu. Mchoro ulisema waya huo uende kwenye feni. Haukwenda popote.

"Si una barafu humo?" Silasi alisema, sasa amesogea. "Mimina maji ya barafu kwenye injini. Dakika tu imepoa."

Penina aliliangalia sanduku. Kwa kitambo kifupi alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Kisha akaona mwandiko wake mwenyewe chini ya ukurasa: *Maji baridi kwenye injini ya moto, usithubutu, chuma kitapasuka.*

"Hapana," alisema.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua nani alikata waya ule. Baltazari, fundi wa Makoko, alilihudumia gari hilo miaka sita kwa mmiliki wa kwanza. Miezi mitatu iliyopita, mbele ya wateja wake, Penina alimwambia kwamba hatamhitaji tena, amejinunulia kitabu. Alibonyeza namba yake, akaweka sauti ya juu ili mikono ibaki huru.

"Ahaa! Mwalimu!" Baltazari alipokea. "Kitabu kinasemaje?"

"Fundi, feni haiwaki. Waya wa sensa umekatwa."

"Nilikata mimi. Sensa ilikuwaga mbovu toka zamani. Endelea ukurasa unaofuata."

"Fundi, nina chanjo kwenye gari, na watu wananisubiri."

"Mimi habari za gari siuzagi kwa simu. Lete gari gereji."

Silasi alikohoa, akatazama pembeni. Penina aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kaka Baltazari, nilikukosea mbele za watu. Nisamehe. Na hapa watu wananisikia pia."

Kule upande wa pili nyundo ilisikika ikiwekwa chini.

"Chini ya usukani," Baltazari alisema kwa sauti nyingine, "kuna swichi ndogo nyeusi. Niliitoboleaga mwenyewe. Ukifika mlimani unaibonyeza, feni inazunguka. Ndio basi."

Penina aliyafumba macho. Jumapili, baada ya misa, alikuwa amelisafisha gari akiwa na kurasa zake mkononi, na kila kitu ambacho hakikuwemo kwenye mchoro alikitoa. Swichi ile haikuwemo.

"Niliitoa," alisema. "Iko Nyakato, kwenye kopo."

"Mungu wangu! Na waya?"

"Nilizifunga tepu, kila ncha peke yake."

"Basi una bahati. Zima ufunguo. Toa tepu, kwangua ncha, uzisokote pamoja. Zisiguse chuma, utaunguza fyuzi. Halafu washa ufunguo."

Alijilaza chali chini ya usukani, miguu ikining'inia nje. Wembe alipewa na Silasi. Waya wa kwanza ulikubali, wa pili ukamchana kidole. Alizisokota, akanyoosha mkono akawasha ufunguo, na mbele ya gari kitu kikaanza kuvuma.

"Naisikia," Baltazari alisema. "Sasa subiri ipoe, rejeta usiifungue kwa haraka. Na hilo liandike kwenye kitabu chako."

Aliliandika kweli, huku damu ya kidole ikichafua ukingo wa ukurasa.

Walingoja dakika ishirini na tano. Mgeni alishika dumu wakati Penina akijaza maji kidogokidogo. Kipimajoto ndani ya sanduku kilisoma nyuzi saba. Mwisho wa chanjo ulikuwa nane. Simu ikaita.

"Shikamoo, Mzee Ryoba."

"Marahaba. Mwanangu, ng'ombe wanavunja zizi. Kuna wenzangu wanataka kufungua."

"Nipo Butiama. Nipeni nusu saa."

"Nusu saa, mama. Sitaweza kuwazuia zaidi ya hapo."

Penina alilihamisha sanduku hadi kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akaweka begi la mgeni chini.

"Utanisamehe," alimwambia. "Mbele kuna mlima. Nataka gari jepesi."

"Nenda," alisema mgeni.

Alitoka kwa gia ya kwanza, taratibu. Kwenye kioo aliwaona mgeni na Silasi wamesimama kando ya barabara, dumu tupu katikati yao. Kisha akaacha kuwatazama. Mlima ulikuwa umeanza, na macho yake yote yalikuwa kwenye mshale.