Bibi LaRue Aliponiacha Mlimani

Bibi wa miaka themanini na moja aliwahi kuniibia gari. Mchana kweupe, juu ya mlima, mimi namwangalia.

Mkononi nilikuwa na chupa ya maji. Mbele yangu mwanaume mzima ameinama, anatapika. Gari likapita pembeni yetu taratibu, indiketa inawaka, likaingia barabarani. Bibi akatupungia mkono.

Usicheke kwanza. Ngoja nikupeleke mwanzo.

Naishi Salt Lake City, huku Marekani, miaka mingi sasa, nimeshazoea hata baridi yake. Jirani yangu, uzio wetu mmoja, ni Bibi LaRue Sorensen. Mtaani kwetu karibu wote ni Wamormoni, wanaitana Ndugu na Dada. Mimi Mwislamu wa Pangani nao wananiita Ndugu Sudi, na kanisani kwao nimeingia mara mbili tu, zote misiba. Nikiumwa, nakuta mlangoni bakuli la viazi na jibini. Nikipona, nakuta jingine.

Mume wa Bibi LaRue, Mzee DeVon, alifariki mwaka jana mwezi wa tatu. Alikuwa dereva wa basi la shule, na udereva ndio uliokuwa heshima yake mjini.

Kila mwaka majani yakigeuka manjano, yeye na mkewe walipanda korongo la Big Cottonwood, bonde jembamba lenye barabara ya kukwea mlima, kuangalia rangi za majani. Wawili tu. Watoto waliachwa kwa shangazi yao, walie wasilie. Ilikuwa siku yao kama mke na mume na haikuguswa na mtu.

Msibani, mtoto wao mkubwa, anayeitwa Layne, alisimama mbele ya kanisa zima.

"Baba amepanda lile korongo zaidi ya miaka hamsini, hajawahi kulikwaruza gari hata kidogo. Humu ndani nani anaweza?"

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Bibi LaRue akapaliwa na mate. Tukamletea maji.

Basi, mwishoni mwa mwezi wa tisa Layne akatua kutoka Phoenix na mpango wake kamili. Nyumba iuzwe, Mama akaishi kwake jangwani. Gari la mzee ameshampa mjukuu. Funguo ameshazichukua.

"Ndugu Sudi, hebu fikiria mwenyewe," akaniambia nje pale, anaongea kama Mama hayupo, na Mama yupo hapo hapo anakung'uta zulia. "Maisha yake yote ameendesha kwenda kanisani na dukani. Dereva alikuwa Baba. Theluji ikishuka hapa, atafanya nini?"

"Nitaendesha," akasema Bibi.

"Mama..."

"Leseni ninayo kwenye mkoba."

"Mama, leseni siyo udereva!"

Bibi akalikung'uta zulia tena, safari hii kwa nguvu. Vumbi lote likamwishia Layne usoni.

Lakini nilimwona. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Ile nyumba amelea watoto sita ndani yake, na kibao cha kutangaza inauzwa kilikuwa kimeegemezwa gereji, kinasubiri Jumatatu kichomekwe kwenye nyasi za mbele.

Hakubishana. Akaomba kitu kimoja tu: apelekwe korongoni akaone majani kwa mara ya mwisho. Layne akasema yeye ana uchovu wa safari, niwaendeshe mimi. Sawa, jirani ni jirani.

Jumamosi tukapanda. Bibi kakaa mbele na mimi, Layne nyuma.

"Shusha gia, Sudi," Bibi akasema. "Unaionea injini."

Nikashusha.

"Baada ya ule mwamba kuna kona mbili zimeshikana. Usidanganyike na ya kwanza."

Kweli, kona zikawa mbili. Nikasema moyoni, huyu mama alikuwa abiria makini sana.

Nje mlima mzima ulikuwa umewaka manjano na nyekundu. Watu wameegesha magari hovyo, wanapiga picha za familia, watoto wamevalishwa sweta za kufanana. Layne hakuona hata jani moja. Nilimchungulia kwenye kioo: kafumba macho, kakamatia kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, uso umekuwa kama uji.

"Layne, fungua macho uone uzuri wa Mungu."

"Naona, Mama."

Bibi akageuka akamtazama.

"Kama baba yako tu."

"Asante, Mama," akajibu Layne, macho bado kafumba.

Tulipofika juu kabisa, Layne akasema nisimame. Hakusema mara mbili. Alifungua mlango akakimbilia pembeni.

"Sudi, mpelekee mwenzio maji," Bibi akaniambia, kwa upole kabisa.

Nikatoka. Injini nimeiacha inaunguruma, si nakwenda hatua chache tu? Kumbe nyuma yangu Bibi anahamia kiti cha dereva.

Yaliyofuata nimeshakwambia.

Layne alipoona gari linapotelea kwenye kona alipiga ukelele mpaka wapiga picha wakageuka.

"Hajui milima! Hajawahi kuendesha huku! Nimemuua mama yangu!"

Nikataka kusema, na gari langu pia, nikameza. Barabara ile upande mmoja ni mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Simu haina mtandao. Tukaanza kusimamisha magari kama wakimbizi.

Familia moja yenye watoto watano ikatuhurumia. Layne akabanwa nyuma kati ya viti viwili vya watoto wachanga, akafumba macho, akaanza kulia kimya kimya. Kabinti kamoja kakamshika kidole.

"Huyu baba amelala?" kakauliza.

"Anaomba," nikajibu.

Mimi kila kona nilichungulia bondeni. Sikutaka kuona kitu, na bado nikawa nachungulia.

Tulipofika chini, pale korongo linapoishia na mji unapoanzia, kuna maegesho. Gari langu lilikuwa pale, limepaki sawasawa katikati ya mistari kuliko ninavyopaki mimi. Halina mkwaruzo. Mlango wa dereva uko wazi, injini inaunguruma.

Bibi LaRue amekaa kiti cha abiria. Kafunga mkanda, mkoba kaupakata.

Layne akamkumbatia kupitia dirishani, kisha ndipo akakumbuka kukasirika.

"Mama! Nani alikufundisha kushuka lile korongo?"

Bibi akarekebisha mkanda.

"Nilimwahidi baba yako kwamba sitasema," akajibu. "Sikumwahidi kwamba sitaendesha."

Layne akaangalia mlima. Akaangalia mikono yake, ile iliyokamatia kishikio mlima mzima. Hapo ndipo ikamwingia.

"Baba... alikuwa anaogopa korongo?"

"Mimi sijasema kitu."

Jamani! Miaka yote ile! Dereva mkuu wa basi la shule alikuwa anapandishwa mlima na mkewe, macho kafumba. Wakishuka mpaka hapo wanabadilishana viti, ili mtaa usije ukamcheka. Mtaa mzima ukampa sifa, na sifa zenyewe zikasomwa mpaka msibani.

"Sasa Bibi," nikamuuliza, "kama umeshuka salama, mbona umehamia huko?"

Akakitazama kiti cha dereva.

"Sikufikiria, Sudi. Nimefika hapa, nikahama, nikafunga mkanda, nikakaa namsubiri DeVon azunguke aingie." Akaukumbatia mkoba. "Hakuzunguka."

Hapo ndipo alipolia. Msibani hakulia, pale alilia. Layne akafungua mlango, akapiga magoti kwenye lami, akalaza kichwa mapajani kwa mama yake kama mtoto. Mimi nikaenda kukagua matairi. Yalikuwa mazima, nikayakagua tena.

Baadaye Bibi akapenga kamasi na kufunga mkoba wake.

"Layne, shika usukani. Wanaume wa kwa Sorensen wanaanzia kuendesha hapa."

Jumatatu kibao hakikuchomekwa. Layne mwenyewe alikivunja kwa goti, akakitupa kwenye pipa. Mjukuu akarudisha gari huku amenuna, na funguo zikawekwa mezani kwa Bibi bila hotuba. Layne akarudi Phoenix peke yake.

Najua mnauliza, mbona nimetoa siri ya marehemu? Nilimuuliza Bibi kabla ya kuandika. Akasema, "Wewe hukuahidi mtu."

Mwaka huu majani yalipogeuka amenipandisha yeye. Nilikaa kiti cha abiria, na kona mbili tatu nilifumba macho, sina haja ya kudanganya. Tuliposhuka mpaka pale kwenye maegesho akasimamisha gari. Akanigeukia, mkono uko tayari kwenye mkanda.

"Tubadilishane?"

"Hapana, Bibi. Endesha mpaka mlangoni kwako. Wakuone."

Akawasha indiketa. Tukapita mtaani polepole, jioni ya jua, watu wako nje wanakusanya majani. Ndugu hawa na Dada hawa wakasimama na reki zao, wanatukodolea macho. Bibi akawapungia mkono, ule ule alionipungia mimi mlimani.

Ndugu msomaji, kabla hujamnyang'anya mzazi wako usukani, ulizia vizuri ni nani aliyekuwa anaendesha.