Mkwe Hashikwi

Vijana wa Itigi wananiita mwalimu wa kukandamiza, na wakishasema hivyo wanacheka wenyewe, eti serikali iliacha kukandamiza watu, nimebaki mimi. Waache wacheke. Nimekuwa muuguzi wa zahanati maisha yangu yote ya kazi, nikastaafu, na tangu hapo ninafundisha huduma ya kwanza kwa watu ambao hawajawahi kushika hata bomba la sindano: madereva, wapishi, walinzi wa pori, vibarua wa kufyeka. Wao ndio watakaokuwepo mtu akiumia. Mimi nitakuwa nyumbani kwangu Mwankoko naanika alizeti, na daktari atakuwa mbali kunizidi mimi.

Kuna watu waliosoma, wengine nilifanya nao kazi, ambao huniambia ninapoteza muda. Wanasema mtu asiyejua jina la mshipa ataokoa nani. Huwa nawajibu kwamba damu haiulizi cheti kabla ya kumwagika, na wakiendelea nanyamaza, maana nikiendelea na mimi tutakosana.

Kundi ninalotaka kulisimulia lilikuwa la kampuni moja iliyofyeka njia ya nguzo za umeme, kutoka barabara ya Rungwa kuingia ndani ya kichaka. Anayekijua kichaka cha Itigi hahitaji kuelezwa. Miti yake ni myembamba lakini imesongamana, na ukiingia na shati zima unatoka na vipande. Vijana walishinda humo na mapanga na mashoka, na kambi yao ilikuwa mbali na kila kitu. Simu ilishika sehemu moja tu, pale jikoni, ukiiweka juu ya pipa la maji.

Walikuja mjini Itigi kwa mafunzo, tukapewa darasa la shule wakati wa likizo. Mimi somo langu la kwanza ni damu. Sianzi na mifupa wala sianzi na nyoka, ingawa kila mtu anataka nianze na nyoka. Kitambaa safi, kiganja juu ya jeraha, uzito wa mwili wote, na usiinue kuchungulia. Hapo kwenye kuchungulia ndipo wanaponitia wazimu. Kila mtu anataka kuona kama damu imeacha, na kila akichungulia anaifungulia njia upya. Ninao wimbo wangu, "kandamiza, usichungulie", na siku ya pili hata walinzi wa shule walikuwa wanauimba.

Na sheria yangu ni moja: kila mtu anamkandamiza kila mtu. Mmoja analala kwenye mkeka, mwingine anapiga magoti, kisha wanabadilishana mpaka darasa zima lishikane. Sipendi watu wachague rafiki zao, maana ajali haikuchagulii.

Dereva wao alikuwa mwanamume mtu mzima, mpole, asiye na maneno. Kwa kweli ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Mikono yake ilikuwa mizito na hakuwa na haraka. Alipomkandamiza mwenzake mguu, yule aliyelala aliomba aachiwe. Kisha zamu yake ikaangukia kwa mama mpishi wa kambi yao, ambaye alishalala kwenye mkeka amejifunika kanga mpaka kidevuni. Dereva akaweka mikono nyuma akatazama ukutani.

"Mwalimu, huyu ni mama mkwe wangu," akasema.

Nikajua nimeshikwa pabaya. Kwetu mkwe hashikwi. Huli naye sahani moja, humkazii macho, na ukiwa na neno la kumwambia unalipitisha kwa mtu wa tatu. Baadaye nilikuja kuwaona wale wawili kambini, wamesimama kila mmoja upande wake wa pipa lilelile. Dereva anamwambia kibarua, "Mwambie mama maji yamefika." Na mama, ambaye amesikia vizuri kabisa, anamwambia kibarua yuleyule, "Mwambie ayamimine pipani." Kibarua wala hafungui mdomo, kazi yake ni kusimama pale tu.

Msidhani nilikuwa mgeni wa mambo hayo. Mimi ni Mnyiramba wa Mkalama. Kaka yangu akimwona mama mkwe wake njiani alikuwa anaingia vichakani mpaka apite, na sisi wadogo zake tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini. Niliacha kucheka siku nilipoletewa zahanati mama mmoja aliyekatwa na plau. Mkwe wake alikuwa naye shambani. Badala ya kumshika, alikimbia kutafuta wanawake. Aliwapata, wenye nguvu zao, wakambeba vizuri, wakamfunika vizuri, adabu yote ikatimia, wakanifikishia maiti. Yule kijana alikaa nje kwenye benchi akilia, na kila aliyepita alimpa pole na kumsifu kwa heshima yake. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba angeweka mkono mama angepona. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, na sina mpango wa kuitoa.

Kwa hiyo nikasimama katikati ya darasa nikasema hatuendelei. Hapo wakaanza kunishauri. Mmoja akasema avae glavu, akivaa glavu si atakuwa hajamgusa? Wengine wakaona hiyo ni akili, wengine wakasema glavu ni ngozi nyembamba tu, mbona mkono unaonekana. Walibishana kweli, kama wako barazani. Mama mpishi alimaliza ubishi huo kutoka palepale mkekani. Aliniambia mimi nimwambie dereva kwamba glavu au bila glavu, yeye hashikwi, na kwamba nikitaka kumaliza somo langu nimlete mtu mwingine.

Msimamizi wao, kijana msomi wa kutoka mjini, akanivuta pembeni. Alinibembeleza nisivunje mila za watu, akasema jambo lenyewe haliwezi kutokea, kambini kuna watu wengi, na chakula kilikuwa kinapoa. Nikamuuliza kama na ajali amezibembeleza. Nikamwambia huyu dereva simpitishi, na kama hapendi amtafute mwalimu mwingine. Dereva alisikia. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Basi nisifaulu, mwalimu," akasema. "Heshima siiachi."

Niliwaombea wote safari njema nikarudi Mwankoko nimevimba. Nilisikia walivyonisema, kwamba nimezeeka vibaya, kwamba sina mkwe ndiyo maana. Uongo, wakwe ninao. Kampuni ilikuwa na utaratibu kwamba asiyefaulu haendeshi gari la kubeba watu, kwa hiyo dereva akatolewa kwenye gari la vibarua akapewa boza la maji. Watu wakasema nimemshusha mtu kazi kwa ajili ya ukaidi wangu. Sawa, nilikuwa mkaidi. Ningefundisha tena kesho ningefanya vilevile.

Msimu wa kuvuna alizeti ulikuwa umekwisha, niko uani mchana napepeta, simu ikaita. Namba siijui.

"Shikamoo mwalimu."

Nikaijua sauti. Nikaitikia marahaba, na kabla sijauliza habari akaniambia kwamba mama amejikata na shoka akipasua kuni. Mguu, chini ya goti, damu inaruka. Kambini walikuwa wawili tu. Yeye alileta maji, vibarua wote walikuwa ndani ya kichaka na boksi la huduma ya kwanza lilikuwa kwenye gari lao. Alikuwa ameweka simu juu ya pipa, amefungua spika.

Nikamwambia achukue kitambaa safi akandamize. Mimi nilidhani amepiga kuniuliza cha kufanya. Jamani, yule mtu alikuwa anajua kila kitu.

"Mwalimu," akasema, "mwambie mama alale chini."

Nikamfokea amwambie mwenyewe, si yuko hapo? Akarudia polepole, kama anayemwomba mtu maji ya kunywa: "Mwambie, mwalimu."

Ndipo nikaelewa. Alikuwa anatafuta mtu wa tatu. Kambi nzima haina mtu, kwa hiyo akamtafuta kwenye simu, akanikuta mimi, mimi niliyempinga darasani mbele ya wote. Nikameza hasira nikamwita mama, nikamwambia alale chini na mguu auegemeze juu ya gogo. Sauti yake ikaja kwa mbali, nyembamba kuliko ninavyoikumbuka.

"Mwambie asisogee. Aende akawaite wanawake wanaofyeka kule kwenye laini ya umeme."

"Mwambie wako mbali, mwalimu. Mwambie damu haitangoja."

"Mwambie nimejimwagia majivu, yatazuia."

"Mwambie majivu hayazuii."

Walikuwa wanaongea kupitia mimi, na kila neno lilipita na damu yake. Nilikuwa nimesimama uani na ungo mkononi, kuku wangu wanakula mbegu nilizomwaga, na nilimwona yule kijana wa plau kwenye benchi wazi kabisa. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa zahanati, maana kule angalau nilikuwa na mikono yangu.

Basi nikakataa.

"Simwambii mtu kitu," nikasema. "Mimi situmwi tena. Mna midomo, semeni wenyewe."

Nilisikia upepo kwenye simu na mfuniko wa sufuria ukigongagonga motoni. Wapo walioniambia baadaye kwamba nilifanya ukatili, kwamba ningeendelea kupeleka maneno mpaka wakubaliane. Wangekubaliana lini? Nilijua kwamba nikiwa katikati yao, kila mmoja atabaki upande wake wa pipa. Kwa hiyo nilifunga mdomo wangu, nikauuma mpaka ukauma, nikasubiri.

Kisha nikasikia dereva akikohoa, na sauti yake ikageuka, haikuwa tena inakuja kwenye simu.

"Mama," akasema. "Naweka mkono."

Nilimsikia mama mpishi akihema. Nadhani alikuwa analia, au alikuwa anachoka.

"Weka," akamwambia.

Baada ya hapo nilisikia kazi tu. Nilisikia kitambaa kikichanika, nikamsikia mama akipiga yowe moja, nikajua mikono ile mizito imefika mahali pake. Nikaanza kuimba. Ndiyo, niliimba, mzee mzima peke yangu uani, "kandamiza, usichungulie", na majirani wa Mwankoko walichungulia juu ya ua wakaniona. Yule hakuchungulia. Damu ilipotulia alimfunga kwa kanga yake, akaongeza nyingine juu bila kuifungua ya kwanza, akambeba mama mkwe wake mikononi mpaka kwenye boza, akamlaza kitini na kumleta Itigi kwa barabara ile mbovu. Hospitali walimshona, wakamwongezea damu. Aliyemshona aliwaambia kwamba kama wangesubiri wanawake wa kwenye laini, asingekuwa na wa kumshona.

Msidhani ilikwisha kwa vigelegele. Mjomba wa mama yule alinipigia simu kunigombeza, kwamba nimemdhalilisha binti yao kwa mafunzo yangu. Nikamwamkia shikamoo, maana adabu ninayo, kisha nikamuuliza kama angependa zaidi kunipigia simu akiwa matangani. Akakata. Wazee wa upande wa mke wakamwita dereva atoe kondoo wa kuomba radhi, na mimi nikawaka, nikamwambia asitoe hata mkia. Akanijibu kwa upole wake uleule kwamba kondoo atatoa, na mkono ataweka tena ikibidi, na kwamba mambo hayo mawili hayamsumbui, yananisumbua mimi. Bado naona kondoo yule alionewa.

Mwaka huu kampuni ileile ikaniita kufundisha vibarua wapya. Darasa lilelile, mkeka uleule, sura nyingi ngeni. Dereva alikuja pia, amekaa nyuma, maana cheti changu alikuwa bado hajapata na mimi sikumpa cha huruma. Nikaeleza somo la damu, nikauliza nani atalala tuanze. Kama kawaida wanaume wakatazamana, kila mmoja akijifanya anafunga kamba za viatu.

Mama mpishi akainuka. Anachechemea kidogo siku hizi. Akaja mbele ya wote, akalala kwenye mkeka, akajifunika kanga mpaka kidevuni kama mwaka ule, kisha akaivuta upande wa chini mpaka kovu likaonekana lote. Macho aliyaelekeza kwenye dari. Vibarua wapya hawakuelewa kitu, lakini wale wa zamani wakaziacha kamba za viatu.

"Mwalimu," akasema, "mwambie aje akandamize. Na safari hii asitetemeke."

Dereva alikuwa amesikia, darasa lote lilikuwa limesikia. Alisimama pale nyuma, mikono ameiachia ubavuni, akanitazama mimi, akingoja. Na mimi niliyeapa sitatumwa tena, nikageuka nikamwambia.