Kamati ya Harusi ya Mkimbiaji

Wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako yupo mtoto anayekimbia kuliko wenzake, au anayerusha tufe mpaka likapotelea kwenye mihogo ya jirani. Siku utakaposimama kumtafutia mfadhili utapata tabu ileile niliyoipata mimi, na sioni faida ya watu wawili kupata tabu moja. Kwa hiyo nitakueleza taratibu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilizaliwa Korogwe, nikapangiwa kazi Kasulu, na siku ya kuondoka ndugu zangu walinililia stendi kana kwamba napelekwa ng'ambo. Sasa nimekuwa mtu wa huku. Asubuhi nasalimia kwa Kiha, "mwakeye", kabla Kiswahili changu hakijaamka, na nikienda likizo kwetu nalalamika kwamba joto ni kali na maharage hayana ladha.

Binti mwenyewe alikuwa kidato cha pili. Kwao ni Nyakitonto, lakini alipanga chumba karibu na shule pamoja na wenzake wawili. Siku ya michezo ya shule alikimbia mita elfu tatu peku, akawaacha wasichana wote, kisha akawapita wavulana wawili waliokuwa uwanjani wakipasha misuli kwa ajili ya mbio zao na hawakuwa na ugomvi wowote naye. Mwamuzi alidhani amekosea kuhesabu mizunguko. Kesho yake tukamkimbiza tena, tukihesabu kwa punje za mahindi, punje moja kila mzunguko. Hesabu ilikuwa sawa.

Nilimrekodi kwa simu, nikampelekea mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo ambaye sasa yuko upande wa Arusha. Baada ya siku chache ikaja barua. Kituo kimoja cha riadha huko kilikuwa kinachukua vijana wachache, kinawalisha, kinawasomesha na kuwafundisha mbio. Binti anatakiwa kufika kwenye majaribio baada ya wiki saba, akiwa na viatu vya kukimbilia, cheti cha daktari, na mwalimu wa kike wa kumsindikiza. Nauli ni juu yetu. Mwishoni palikuwa na mstari uliosema umri wa mwisho ni miaka kumi na saba. Binti alikuwa ameshaitimiza. Mwaka unaofuata asingekuwa na la kujaribu.

Nikaanza kwa barua. Niliandika barua kumi na moja zenye kichwa "Ombi la Ufadhili", na ndani nikasema mengi mazuri juu ya kuibua na kuendeleza vipaji vya vijana. Hili ndilo kosa langu la kwanza. Ukizisoma barua zile leo hutajua ninachotaka ni kiatu. Ofisi moja ilinigongea mhuri wa kupokea kwa heshima kubwa, na heshima ikaishia pale. Mzee mmoja aliyeshughulika na michezo alinionea huruma hasa. Alifungua kabati, akapekua, akatoka na mpira wa miguu.

Nilimshukuru. Ningefanyaje?

Safari ya pili nilimchukua binti tukaenda mpaka Kibondo, kwa mfanyabiashara mwenye duka la mabati na saruji. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, akanisikiliza nikieleza mizunguko, punje za mahindi na wale wavulana wawili. Nilipomaliza alikuwa amelowa macho. Akasema yeye mwenyewe ujanani alikuwa namba tisa hatari. Akaingia stoo, akatoka na mpira mpya, na pampu yake. Binti akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyolelewa. Tulipofika nje akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Madam, kwani nitakimbia nao?"

Mpira wa tatu ulitoka kwa mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa. Alikuwa amebakiwa na vitu vya michezo kwenye boksi, akanipa na nyavu. Wiki nne zikawa zimepita. Nilikuwa na mkimbiaji mmoja, mipira mitatu na nyavu za goli.

Usije ukadhani watu hawa ni wabahili. Huku kwetu mtu akisikia "michezo" anaona mpira, na akikupa mpira ametoa kwa moyo wote. Mimi ndiye niliyeomba kitu kisicho na umbo, kila mmoja akakipa umbo analolijua.

Jirani yangu ni muuguzi. Tunatenganishwa na ua wa minyaa, na habari zetu zote hupita juu ya ua huo. Mji mzima unamwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna harusi ya maana ambayo hajaiongozea kamati. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shoga yangu," akaniambia, "watu hawatoi kwa barua. Watu wanatoa kwa kamati. Niachie mimi."

Nikamwachia. Siku ya pili nilikuta nimeingizwa kwenye kundi la simu lenye watu sitini, yeye mwenyekiti, mimi katibu, fundi cherehani mmoja mwaminifu akiwa mhazini. Siku ya tatu kadi za mchango zilikuwa tayari. Kijana wa stesheneri alikuwa na mchoro mmoja tu wa kadi za michango, kwa hiyo juu ya maneno "Safari ya Mwanariadha Wetu" walikuwepo njiwa wawili wakigusana midomo. Watu hawakuuliza. Walipoona kadi, walitoa. Wauguzi walitoa, walimu walitoa, wauza ndizi sokoni walitoa. Kwa siku kumi tukapata mara tatu ya kilichohitajika. Nilimkumbatia Mwenyekiti juu ya minyaa, na utomvu wa minyaa hiyo ukaniharibia blauzi.

Kikao cha pili kilikuwa cha kupanga matumizi. Mtu mmoja akasema ukumbi. Mwingine akasema viti mia, vyenye vitambaa. Tukajadili rangi za mapambo kwa muda mrefu, tukakubaliana dhahabu na zambarau. Ikaja keki, ikaja MC, ukaja muziki, akaja mpiga video. Mimi nilikuwa katibu, na kazi ya katibu ni kuandika, nikaandika. Hili ni kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Viatu na nauli nilivikuta mwishoni, chini ya "mengineyo", na hela iliyobaki ingemfikisha binti Kahama, Arusha ikiwa bado mbali. Nilipojaribu kusema, Mwenyekiti akanieleza kwa upole kwamba aliyechangia anategemea kukaa na kula, na asipokula leo, kesho hatachangia harusi ya mtoto wa mtu. Hoja yake ilikuwa ya kweli. Zilibaki siku tisa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaenda kipindi cha kwanza, nilimkuta baba yake binti amekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, baiskeli ameiegemeza ukutani. Alikuwa ametoka Nyakitonto alfajiri. Ni mtu mwembamba, mkulima wa maharage na mihogo, aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana na baada ya miaka mingi ya kusubiri akapewa uraia wa Tanzania. Cheti chake cha uraia hutembea nacho ndani ya mfuko wa nailoni, kifuani. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua. Kisha akatoa kadi ya njiwa.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia mwanangu ana kamati. Mtu huwa na kamati akiolewa, ama akifa. Nimempitia chumbani kwake, ni mzima. Sasa nimekuja kuuliza huyo mume ni nani."

Nilimweleza yote, nikimwonyesha barua ya Arusha na karatasi ya bajeti. Hakukasirika. Aliisoma barua mara mbili, akifuata mistari kwa kidole, kisha akaisoma bajeti, kisha akarudi kwenye barua. Akaniomba nimpeleke kwa kamati.

Tulikutana mchana darasani kwangu. Mwenyekiti alimpa kiti cha mbele, akamwita "mzee wetu", akaagiza apewe maji. Nami nikaanza kuelewa alichokuja nacho mtu huyu. Katika kamati yoyote ya binti, hakuna anayempita baba wa binti kwa neno. Tulikuwa tumejenga harusi kamili, tukasahau kwamba harusi ina mwenyewe.

Akasimama na karatasi yangu mkononi.

"Mimi nimeishi kwa karatasi," akasema. "Nilikaa miaka mingi nikingoja karatasi moja. Kwa hiyo karatasi naisoma mpaka chini. Mnisamehe." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Ukumbi. Huu ukumbi utamfikisha Arusha?"

Akanigeukia.

"Mwalimu, ufute." Nikafuta. "Viti mia. Vitamfikisha?"

Fundi cherehani akasema havitamfikisha. Nikafuta. Tukashuka hivyo, mstari kwa mstari, bila haraka. Kwenye mapambo aliuliza zambarau ni rangi gani, akaonyeshwa, akaisifu, nikafuta. MC, ambaye alikuwepo kikaoni, alijifuta mwenyewe kabla hajafikiwa. Kwenye keki Mwenyekiti akashindwa kuvumilia.

"Mzee wangu, nakuheshimu sana, lakini watu wametoa. Watakula nini? Wasipokula, mimi kesho nitaingia nyumba ya nani na kadi?"

Mzee akafikiri. Aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba mama yule alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili ya mtoto asiye wake.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Aliyetoa lazima ale. Waje wale maharage yangu. Gunia moja natoa. Wakae kwenye majani, wamwone mtoto anavyokimbia, wale, waende kwao. Keki, mama, uniachie."

Mwenyekiti alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Haya, Katibu. Futa keki." Nadhani ndiyo keki ya kwanza kufutwa katika maisha yake.

Jumamosi watu walikuja na nguo za harusi, wengine na zawadi zilizofungwa. Tulikula maharage, ugali wa muhogo na dagaa kwenye uwanja wa shule. Nyavu za Mtendeli zilifungwa golini, wanafunzi wakacheza na ile mipira yote mitatu. Kisha binti akazunguka uwanja na viatu vipya, huku MC, aliyekuja bila malipo lakini hakuweza kunyamaza, akitangaza kwamba bibi harusi anapita, tumpigie vigelegele, anapita tena, jamani ametuzidi mwendo. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kukaa. Zawadi zilipofunguliwa tulipata vikombe, shuka na jiko la mkaa.

Jumatatu tukaondoka, siku mbili njiani. Kwenye majaribio walikuwepo wasichana waliokimbia toka utotoni, wenye saa mkononi na makocha wa kuwapigia kelele. Binti alianza nyuma sana, mpaka nikaacha kuangalia nikawa naangalia viatu vyangu. Nilipoinua uso alikuwa wa tano, na hivyo ndivyo alivyomaliza. Walichukua sita. Nilimpigia simu baba yake, nikamweleza. Akaniuliza kama wametoa karatasi. Nikamwambia wametoa. Akaniomba nimsomee, mpaka chini.

Basi na wewe, kabla hujamwomba mtu yeyote, chukua karatasi. Andika vitu ambavyo bila hivyo mtoto hafiki, kitu kimoja kila mstari, nauli ikiwa juu kabisa, na bei ya kila kimoja pembeni. Kisha mpe mzazi wake aisome kwa sauti mbele ya watu.