Wote Wanamwita Mama

Pale uwanja wa ndege wa Kisumu, kampuni inayorusha zile ndege ndogo za Nairobi wafanyakazi huiita Mtoto. Kampuni kubwa iliyoizaa, ile ya safari za Ulaya, ndiyo Mama. Na Mtoto hana haya: amejiandika jina la mamake ubavuni, kubwa, asomaye asome.

Rosa husafisha ndege za Mtoto. Abiria wakishashuka, huingia na ufagio wake, akawapita wahudumu mlangoni. Mmoja wao alikuwa Winny, bintiye wa kumzaa, na uwanja mzima haukujua. Siku ya kwanza Winny alimnong'oneza, "Mama, hapa kazini tusijuane sana, wataongea." Rosa akakubali. Angefanyaje? Mtoto ni wako hata akikuficha. Tena Winny alimwita Mama mbele ya watu wote, nao wakaona ni adabu tu. Huku kwetu kila mwanamke mwenye ufagio ni Mama.

Basi akaishi kwa hilo neno. Nyumbani hakuna wa kumwita chochote. Mumewe alizikwa Usenge, na Winny hulala Nairobi. Upweke ulimuuma, tusidanganyane. Lakini alingoja: iko siku msichana atamshika mkono aseme, huyu ndiye aliyenizaa.

Jumatatu hii alikuja na omena kavu, vile visamaki vidogo vya ziwani, zile Winny anazozipenda, amezifunga vizuri chini ya matambara. Mlangoni mwa ndege akamkuta mhudumu mgeni, msichana aitwaye Charity.

"Winny yuko wapi?"

"Alipandishwa cheo, Mama. Sasa yuko kwa ndege kubwa. Huku hatakuja tena."

Rosa akaanza kufagia. Akafagia chini ya kiti kimoja mpaka zulia likachoka.

"Kwani mlikuwa mnajuana?" Charity akauliza.

Hapo ndipo angesema. Neno lilimfika ulimini kabisa. Lakini alitaka kupewa neno hilo na Winny mwenyewe, na la kujipakulia halishibishi.

"Alikuwa ananiita Mama."

Charity akacheka kwa upole. "Lakini sisi wote tunakuita Mama."

"Ni kweli," Rosa akasema, akainama kuokota chupa za maji, maana abiria wa kurudi Nairobi walikuwa wameshapanga foleni. Alipomaliza, akamwachia msichana zile omena.

"Asante, Mama," Charity akasema.